Dondoo muhimu: Kuchagua sime imara kwa bei nafuu

Usivutwe na ala nyekundu wala shanga. Pesa yako iende kwenye chuma. Muulize mhunzi ametumia nini. Springi kuukuu ya gari ndiyo bora, kwa kuwa hushika makali na ikipinda kidogo hurudi. Pitisha tupa taratibu kwenye makali: ikichimba kwa urahisi, chuma hakikutiwa maji vizuri, iache.

Kagua mpini zaidi kuliko kitu kingine chochote, maana sime nyingi za bei rahisi huharibikia hapo. Mkia wa chuma uzame sana ndani ya mpini. Ukitikisa, pasicheze kitu. Bapa lisiwe na ufa hata mwembamba kama unywele. Makali butu yasikutishe, kinoo kitayarekebisha. Mpini uliolegea usiununue.