Vumbi lisiloonekana na vifuko vya mapafu

Ndugu wafanyakazi wa Niemba na wa njia yote ya reli toka Kabalo mpaka Kalemie, jioni ukitoka kazini unapenga kamasi, unaona rangi ya udongo. Unasema: "Vumbi limeniingia." Sivyo. Vumbi hilo limetoka. La kuogopa ni lile usiloliona. Ili tuelewe sababu, tuifuate hewa mpaka ndani ya kifua.

1. Njia ya hewa

Hewa inapita puani na kooni, kisha inaingia katika bomba kubwa. Bomba hilo linagawanyika mawili, moja kwa kila pafu. Kila tawi linagawanyika tena, karibu mara 23, kama mti uliogeuzwa kichwa chini. Ndani ya mabomba mna ute unaonata na vijinywele vidogo sana. Vijinywele hivyo vinasukuma ute na uchafu kuelekea kooni, usiku na mchana. Vumbi kubwa linakamatwa hapo. Moshi wa sigara unavidhoofisha.

2. Vifuko vya hewa

Kwenye ncha za matawi kuna vifuko vya hewa, vimesongamana kama chikichi kwenye mkungu wake. Ukipanga vifuko 5 kwa mstari, vinafika milimeta 1 tu. Mtu mzima anavyo zaidi ya milioni 300. Ukivitandaza vyote vinafunika meta mraba 70 na zaidi. Mtaliano Marcello Malpighi aliandika habari za vifuko hivyo mwaka 1661, baada ya kutazama mapafu kwa mikroskopi.

Kila kifuko kimezungukwa na mishipa midogo ya damu. Ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba mno, hata chini ya sehemu 1 ya milimeta iliyogawanywa mara 1,000. Hapo oksijeni inaingia katika damu, na hewa iliyotumika inatoka.

Vifuko havina vijinywele. Vinalindwa na seli zinazotembea ndani yake na kumeza uchafu na vijidudu.

3. Mlinzi anapokufa

Kasiterite mara nyingi imekaa pamoja na jiwe jeupe gumu liitwalo kwarzi. Jiwe hilo ni silika. Ukilitoboa au kuliponda likiwa kavu, linatoa chembe ndogo kuliko unywele wa kichwa mara kumi na zaidi. Hizo zinaelea hewani muda mrefu na kufika kwenye vifuko.

Seli-mlinzi inaimeza silika, lakini silika inaiua. Seli inapasuka, silika inatoka, seli nyingine inaimeza, nayo inakufa. Mwili unaweka kovu mahali hapo. Kovu ni gumu, halipanuki wala halipitishi hewa. Huu ndio ugonjwa wa silikosi. Mara nyingi unaonekana baada ya miaka 10 na zaidi, mtu anapoanza kuhema kwa kupanda kilima kidogo. Hakuna dawa ya kuondoa kovu. Tena mwenye silikosi anashikwa upesi na kifua kikuu.

Vumbi la makaa ya mawe, kama yale ya bonde la Lukuga, nalo likizidi linajaa katika vifuko na kuleta ugonjwa wake.

4. Tufanye nini?

— Tumwagie jiwe maji kabla ya kutoboa, kuponda na kufagia.
— Tusitegemee kitambaa puani. Chembe ndogo zinapita. Tuvae maski ya vumbi inayobana uso vizuri.
— Mama, usikung'ute nguo za kazi zikiwa kavu. Ziloweke kwanza. Watoto wakae mbali na mahali pa kuponda mawe.
— Kikohozi kikifika wiki 2, nenda hospitali, umwambie munganga kazi unayoifanya.
— Acha sigara.

Maji ya mto tunayo. Pafu haliuzwi sokoni.