CG125 Imefungwa Upya, Haiwaki? Anzia Hapa

Honda CG125 ilitoka katikati ya miaka ya 1970, ikiundwa kwa ajili ya barabara mbovu na wenye pikipiki wasiofika gereji mara kwa mara. Valvu zake hufunguliwa na fimbo, haina cheni ya taimingi, na injini za pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria leo zimenakili muundo huo. Ukipata ya zamani yenye platini, ukaifungua na kuifunga upya, umeokoa kitu cha thamani. Ikigoma, kumbuka kwamba ubovu wa injini iliyofunguliwa mara nyingi upo pale mikono ilipopita.

1. Tafuta kilichosahaulika. Je, kitambaa kilichozuia vumbi kwenye njia ya hewa kimetolewa? Koki ya petroli imefunguliwa? Tundu dogo la mfuniko wa tangi halijazibwa na rangi? Na kama ekzosi ilikaa nje kwa miezi, ichungulie ndani, maana nyigu hupenda kujenga kwa udongo humo.

2. Tazama moto kwa macho yako. Chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, ilaze ubavu kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake kwa sababu mvuke wa petroli hutokea hapo. Piga kiki. Unataka cheche ya buluu yenye nguvu. Hakuna kitu? Chomoa waya mweusi wenye mstari mweupe, ule unaozima injini, kisha jaribu tena. Moto ukirudi, acha injini. Swichi ndiyo mbovu, au waya huo umechubuka na kugusa bodi.

3. Kwaruza rangi mpya. Fremu iliyopigwa rangi vizuri huzuia umeme. Koili ikifungwa juu ya rangi haipati erthi, na utanunua koili ya pili bure. Kwaruza hadi uone chuma pale bolti inapokaa, na pale injini inaposhikana na fremu.

4. Platini: hapa usiharakishe. Kama una saa moja tu ya kazi, itumie hapa. Platini mpya mara nyingi huja na mafuta ya kuzuia kutu, na utando huo mwembamba unatosha kuua moto. Zipanguse kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kisha pitisha karatasi safi katikati yake. Zikiwa wazi kabisa, nafasi iwe milimita 0.3 hadi 0.4 kwa fila geji.

Sasa taimingi. Bana karatasi ya sigara kati ya platini, zungusha flaiwili polepole kwa mwelekeo wa injini huku ukiivuta karatasi taratibu. Karatasi iachie pale hasa alama ya F inapokutana na alama ya kwenye kava. Ikichelewa, ongeza nafasi kidogo. Ikiwahi, punguza, bila kutoka nje ya vipimo hivyo. Ikikataa kabisa kukaa sawa, vua flaiwili utazame kii yake. Kii iliyokatika huacha flaiwili ihame, na hapo alama zote zinakudanganya.

Cheche zikiruka kwenye platini zenyewe huku plagi ikiwa na moto hafifu, badili kondensa.

5. Plagi imelowa au ni kavu? Baada ya kupiga kiki mara kadhaa, plagi kavu inasema petroli haifiki: fungua skrubu ya chini ya kabureta uone kama inatiririka. Inatiririka lakini injini bado kavu? Jeti ndogo imeziba. Ipulizie hewa, maana kuichokoa kwa waya mgumu kunapanua tundu na kuharibu kipimo. Plagi iliyolowa chapa inasema floti au sindano yake haifungi, au umeacha choki.

6. Tapeti na fimbo. Injini ikiwa baridi, pistoni juu kabisa kwenye mgandamizo, acha milimita 0.08 kwa kila valvu. Tapeti iliyokazwa mno huacha valvu wazi, na kiki inakuwa laini mguuni. Hakikisha pia kila fimbo imekaa kwenye kikombe chake. Wakati wa kurudisha silinda hedi, fimbo huteleza kirahisi. Kama ringi ni mpya na silinda ilioshwa ikabaki kavu, kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi husaidia mgandamizo.

7. Badili kitu kimoja, kisha piga kiki. Ukigusa kabureta na platini kwa pamoja, hutajua kipi kimeponya na kipi kimeharibu.

8. Kuisukuma kuje mwisho, baada ya taimingi kuthibitishwa. Ikiwaka, usiivumishe. Iache iungurume dakika chache, izime, ipoe kabisa, kisha kaza tena bolti za hedi na upime tapeti upya kabla ya kuipeleka barabarani.