SOMO: Kikapu cha Mtoto Kwa Nyanya

Kule Shauri Moyo, Nairobi, akina mama wengi hutoka alfajiri kwenda kuuza Gikomba au soko la Burma, na mtoto hubaki kwa nyanya. Akianza kuhara mchana, nyanya ataanzia wapi? Vitu hivi vikae kwake daima:

1. Kikombe safi chenye kifuniko. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yasikae nje zaidi ya masaa 4. Chupa tuiache, ni ngumu kusafisha.
2. Nepi, nguo na sabuni.
3. Pakiti 2 za ORS. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kipimo kilichoandikwa. Ikibaki, mwaga baada ya masaa 24.
4. Kitabu cha kliniki. Mtoto akishindwa kunywa au macho yakizama, nyanya akichukue, aende hospitali mara moja, asimngoje mama.

Tujadiliane: Je, leo kwa nyanya wa mtoto wako kuna nini?