Picha za Nyimbo kwa Mgonjwa Asiyeweza Kusema

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unawageukia wale waliomo nyumbani mwetu ambao wanasikia na kuelewa, lakini hawawezi kusema.

Hapa Iyula, kama katika vijiji vingine vya Mbozi, mzee akipatwa na kiharusi na maneno yakapotea, ndugu humwogesha, humlisha na kumgeuza kitandani. Hayo ni mema. Lakini polepole tunaacha kumwuliza anataka nini, kwa sababu hajibu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo naye huchaguliwa kila kitu, tangu nguo hadi mahali pa kukaa. Mtu wa namna hiyo huumia mara mbili: kwa ugonjwa, na kwa kutoulizwa. Tujifunze basi jinsi wimbo na picha vinavyoweza kumrudishia nafasi ya kuchagua.

WIMBO UNASAIDIAJE?

Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa aliyoambiwa lakini akashindwa kusema. Baada ya kifo chake, Broca aliona kwamba sehemu ya mbele ya upande wa kushoto wa ubongo ilikuwa imeharibika. Kwa watu wengi kazi ya kusema hutegemea sana upande huo. Ndiyo maana anayepooza mkono na mguu wa kulia mara nyingi hupoteza pia maneno, kwani ubongo wa kushoto ndio unaoongoza mwili wa kulia.

Kuimba hutumia pia upande wa kulia wa ubongo. Kwa hiyo tusishangae mzee asiyeweza kutaja jina la mwanawe akiimba beti nzima pamoja na wanakwaya waliokuja kumtazama. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza njia ya kuwafundisha wagonjwa wa aina hiyo maneno mafupi kwa kuyaimba, huku mkono wa kushoto ukigonga kila silabi.

Lakini tusidanganyike. Kuimba wimbo uliozoeleka si sawa na kuomba maji. Wimbo wa zamani hutoka wenyewe, kama maji yanavyofuata mfereji. Ili sauti iwe ombi, lazima iunganishwe na jambo ambalo mgonjwa analitaka. Hapo ndipo picha inapohitajika.

Watanzania tunaijua njia ya kuunganisha sikio na jicho. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao na kujadiliana. Nyumbani kwa mgonjwa tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa kipimo kidogo: sauti yetu ndiyo redio, na picha ndiyo kitabu.

KUTENGENEZA PICHA

Vifaa ni hivi: katoni ya dukani, mkasi, kalamu nyeusi ya wino mzito, na karatasi safi. Upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka uliopita unafaa sana. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano.

1. Kata vipande vya katoni vyenye upana na urefu wa sentimeta 15. Kwa mzee asiyeona vizuri, ongeza ukubwa.

2. Chora kitu kimoja tu katika kila kipande, kwa mistari minene. Usipambe pembeni. Mapambo humchanganya mgonjwa, asijue atazame wapi.

3. Chora kitu kinachoonyesha wimbo. Wimbo wa mavuno uwe na tawi la kahawa au hindi. Wa kutwanga uwe na kinu na mchi. Wa kumbembeleza mtoto uwe na mama aliyebeba mtoto mgongoni. Tusisahau nyimbo za Kinyiha ambazo mgonjwa aliimba utotoni, maana mara nyingi hizo ndizo zilizokaa ndani zaidi.

4. Andika jina la wimbo chini ya picha kwa herufi kubwa, ili kila anayemhudumia aimbe wimbo ule ule.

5. Funika kwa nailoni angavu, ushone au ubandike kingo zote. Wakati wa masika picha isiyofunikwa haidumu.

6. Mwonyeshe mgonjwa kabla ya kumaliza kazi. Ikiwa hatambui kilichochorwa, kosa ni la picha. Chora upya.

Tengeneza pia picha za mahitaji: maji, chakula, choo, kulala, maumivu, na "basi, nimechoka". Hiyo ya mwisho ni ya lazima. Asiyeweza kukataa wimbo, hakuuchagua.

KUZITUMIA

Chagua saa ambayo mgonjwa hajachoka. Mketishe vizuri, mgongo na kichwa vikiwa vimeegemezwa. Zima redio. Anza na picha mbili tu.

Aliyepata kiharusi huenda haoni upande mmoja, hata kama macho ni mazima. Basi usiziweke picha kulia na kushoto. Zipange moja juu ya nyingine, upande ule anaoona. Mtoto asiyeweza kunyosha mkono achague kwa macho: shika picha mbili mbali kidogo, utazame macho yake yanatulia wapi.

Uliza, "Tuimbe upi?" Kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi, tena polepole. Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa, kwani tunajibu kwa niaba yake kabla ubongo wake haujamaliza kazi. Akitazama, akigusa, au akitoa sauti, imba wimbo huo huo aliouchagua, hata kama wewe ulipenda mwingine.

Mtoto mwenye usonji husaidiwa kwa kupangiwa picha tatu au nne kwa mstari: wimbo wa salamu, wa kupiga makofi, wa kuagana. Kila wimbo ukiisha, geuza picha yake kifudifudi. Akiona kinachofuata na mahali pa mwisho, hofu hupungua.

Kwa aliyepoteza maneno, shika picha ya maji na imba pamoja naye kwa sauti mbili tu, ya chini na ya juu: na-TA-ka MA-ji. Sauti ya juu iwekwe pale Kiswahili kinapokazia. Gonga mkono wake wa kushoto polepole, pigo moja kwa kila silabi. Baada ya siku kadhaa, anza naye kisha mwache amalizie. Akisema "ma" tu, mpe maji papo hapo. Dakika kumi au kumi na tano kila siku zinafaa kuliko saa nzima mara moja kwa juma.

KUAZIMANA

Si kila familia ina mchoraji. Katika jumuiya mmoja achore, mwingine akate katoni, vijana wa kwaya wafundishe nyimbo. Picha za nyimbo ziwekwe katika kasha moja, zizunguke nyumba hadi nyumba, zikifutwa kwa kitambaa chenye sabuni kabla ya kupokezwa. Nyuma ya kadi tusiandike jina la mgonjwa wala ugonjwa wake.

Lakini picha za mahitaji haziazimwi kamwe. Hizo ndizo mdomo wake. Zining'inizwe kwa kamba karibu na kitanda, mahali anapozifikia usiku na mchana. Nyumba nyingine ikizihitaji, wanakili zao.

TAHADHARI

- Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea, au maneno yakivurugika, mpeleke mgonjwa hospitali mara moja. Kumbuka saa dalili zilipoanza. Huo si wakati wa wimbo.
- Wimbo hauchukui nafasi ya dawa. Dawa za shinikizo la damu na za kifafa zisiachwe bila ushauri wa mganga.
- Usimwimbishe mgonjwa mwenye chakula mdomoni, asije akapaliwa.
- Wimbo mwingine huamsha huzuni. Akilia, simama, mshike mkono, kisha mwulize kwa picha kama tuendelee.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA FAMILIA

1. Ni nani katika nyumba yetu au kwa jirani asiyeweza kusema?
2. Ni lini mara ya mwisho tulimwuliza anachotaka, tukangoja jibu?
3. Ni nyimbo zipi tatu alizozipenda kabla hajaugua? Nani anazijua?
4. Nani atachora picha mbili za kwanza juma hili?