Miguu Mlimani, Mikono Udongoni
Mwongozo wa matembezi ya pamoja na kazi za kujitolea katika ardhi za umma, Bujumbura

Dibaji

Mji wa Bujumbura, uliokaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika katika mwinuko wa mita zipatazo 770, umeegemea milima ya Mumirwa ambayo, kwa masafa mafupi tu, yapanda hata kupita mita 2,000. Na kwa kuwa maji hufuata mkondo, mvua inayoanguka huko juu katika mteremko ulioachwa wazi haina budi kushuka kwa mito ya Ntahangwa, Muha au Kanyosha, ikichukua rutuba ya mkulima na kuja kuimwaga katika nyua za watu wa mjini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mafuriko na matope yaliyotoka milimani yaliingia Kamenge, Kinama na Gatunguru, na watu zaidi ya 60 wakafariki dunia.

Kwa nini tupande kwa miguu

Kazi za jumuiya za Jumamosi asubuhi, ziitwazo ibikorwa rusangi, aghalabu hufanyika karibu na nyumba zetu: mifereji huzibuliwa, taka zikafagiliwa, njia zikatengenezwa. Ni kazi njema yenye fadhila, lakini mfereji uliozibuliwa leo utajaa tena mchanga mvua ijayo, maadamu kilima kilichouleta mchanga huo kingali uchi. Kwa sababu hiyo twawanasihi wakaazi wa Buyenzi, Bwiza, Kamenge na mitaa mingineyo watoke kwa makundi na kuukwea mlima wakiufuata mto, kwani atakayeona kwa macho yake mahali korongo linapoanzia, likiwa bado ni mfereji mwembamba wa kuvukwa kwa hatua moja, hatangoja kuhimizwa kulitengeneza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya safari

Kiongozi wa kundi ampe habari nyumbakumi wake, kisha aombe idhini kwa mkuu wa kilima kinachokusudiwa, kwa kuwa ardhi ya umma imepakana na mashamba ya raia, na si adabu kumshitua mtu shambani kwake. Watakaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Rusizi wapate kwanza ruhusa ya Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira (OBPE) na waongozwe na askari wa hifadhi. Wasikae ukingoni mwa mto hata jua likachwa, wala mtu asisimame baina ya kiboko na maji. Safari ianze alfajiri, kila mmoja akiwa na maji ya kunywa, kofia na viatu visivyoteleza, na majembe yabebwe makali yakielekea chini.

Namna ya kupanda

Makingamaji huchimbwa kukata mteremko, kamwe yasiufuate, na juu ya tuta lake hupandwa majani ya tembo yenye mizizi ya kuushika udongo. Kingo za mito zafaa mianzi. Mche upandwe mvua zikiisha kushika. Kiriba cha nailoni kichanwe taratibu kwa wembe, bonge la udongo lisivunjike. Mche usimame wima shimoni, shingo yake ilingane na ardhi. Udongo wa juu, wenye rutuba, utangulie kurudi, ukandamizwe kwa kisigino, na upande wa juu kiachwe kisahani cha kukusanya maji. Viriba vyote vihesabiwe na kurudishwa mjini, kwa maana nailoni iliyoachwa mlimani mwisho wake ni ziwani.

Baada ya kupanda

Tangu mwaka 2018, kwa kampeni ya taifa iitwayo Ewe Burundi Urambaye, miche mingi imepandwa nchini. Lakini mche usiopaliliwa wala kulindwa dhidi ya mbuzi hauvuki salama kiangazi cha Juni hadi Septemba. Basi kila kundi lichague mteremko mmoja, liafikiane na wenyeji wa kilima juu ya ulinzi wake, na lirudi huko huko kila msimu kupalilia, kuzibua makingamaji na kujaza mapengo, hata miti ijitegemee. Mkulima wa juu huhifadhi shamba lake, mkaazi wa chini huhifadhi nyumba yake, na kazi yao ni moja. Tusimwachie mkulima wa juu peke yake mzigo ambao faida yake ni yetu sote.