Kufunga Mtumba wa Programu: Somo la Kompyuta Pasipo na Kompyuta

1. Utangulizi

Walimu wanafunzi wanapokwenda mazoezi ya kufundisha vijijini, aghalabu huwa na mashaka juu ya namna ya kufundisha habari za kompyuta mahali ambapo kompyuta hazipo, au ipo moja tu nayo imefungiwa ofisini. Wengine huliruka somo hilo. Wengine huandika ubaoni majina ya sehemu za mashine ili watoto wayakariri. Njia hizo mbili hazimfai mtoto, kwani ya kwanza humnyima maarifa na ya pili humpa maneno matupu.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi jambo moja la kitaalamu, ambalo kwa kulitazama tu laonekana kuwa mbali sana na shule ya msingi, linavyoweza kufundishwa kwa ubao, karatasi na kamba. Jambo hilo ni ufungaji wa maktaba ya programu huria inayosoma mafaili ya maelezo ya mitandao ya magari. Mifano yetu tumeichukua Bukene, wilayani Nzega, mkoani Tabora. Mwalimu wa mahali pengine ataigeuza ifae mazingira yake.

2. Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua kwanza

Gari la siku hizi lina kompyuta ndogo nyingi: moja hutazama injini, nyingine breki, nyingine dashibodi. Kompyuta hizo hazina budi kupashana habari. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza utaratibu uitwao CAN, ambao huziwezesha zote kuzungumza katika jozi moja ya nyaya zilizosokotwa pamoja. Mwaka 1993 utaratibu huo ulifanywa kiwango cha kimataifa, ISO 11898. Katika utaratibu huo wa awali, kila ujumbe una namba yake ya utambulisho na baiti zisizozidi 8. Baiti moja ni namba yoyote kuanzia 0 hadi 255.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Ujumbe haujielezi wenyewe. Tukiambiwa kwamba ujumbe namba 256 umepita ukiwa na baiti 130, 112 na 23, hatujui kama ni joto, mwendo au mafuta. Maana yake imeandikwa mahali pengine, katika faili la maelezo. Aina moja ya mafaili hayo inayotumika sana ni DBC, iliyoanzishwa na kampuni ya Vector ya Ujerumani. Mistari yake hufanana na hii tuliyoitunga kwa ajili ya somo:

BO_ 256 Injini: 3 KompyutaInjini
 SG_ Joto : 0|8@1+ (1,-40) [-40|215] "C" Dashibodi
 SG_ Mwendo : 8|16@1+ (0.01,0) [0|655.35] "km/h" Dashibodi

Mstari wa kwanza wasema kwamba ujumbe namba 256 una baiti 3. Mstari wa pili wasema kwamba Joto huanzia biti ya 0, lina urefu wa biti 8, yaani baiti moja. Namba yake izidishwe kwa 1, kisha ipunguzwe 40. Basi 130 kutoa 40 ni 90: joto ni nyuzi 90. Mstari wa tatu wasema kwamba Mwendo huanzia biti ya 8 na kuchukua biti 16, yaani baiti mbili. Alama @1 ina maana kwamba baiti yenye thamani ndogo hutangulia. Kwa hiyo twapata 112 + (23 × 256) = 6000; tukizidisha kwa 0.01 mwendo ni kilomita 60 kwa saa.

Mtu akizigeuza baiti hizo mbili atapata (112 × 256) + 23 = 28,695, na gari lililokuwa likienda taratibu kutoka Bukene kuelekea Nzega litaonekana linakwenda kilomita 286.95 kwa saa. Kosa hilo huchekesha kwa sababu liko wazi. Kosa la joto halichekeshi. Fundi akisahau kupunguza 40 atasoma nyuzi 130 badala ya 90, naye huenda akaifungua injini isiyo na ugonjwa wowote, kwa gharama ya mwenye gari.

Programu inayosoma mistari kama hiyo na kutoa maana yake tunaiita kichanganuzi. Neno hili si geni kwetu. Katika somo la Kiswahili tunachanganua sentensi: tunatenga kiima na kiarifu, kisha tunaeleza kazi ya kila neno. Kichanganuzi cha DBC hufanya vivyo hivyo kwa mstari wa faili. Mfano mmoja ni maktaba ya programu iitwayo cantools, iliyoandikwa kwa lugha ya Python na kutolewa kwa leseni huria ya MIT.

3. Kutoka mtumba wa mpagazi hadi furushi la programu

Kanuni ya kufundisha yatutaka tuanzie kwa lile linalojulikana. Mtoto wa Bukene anaijua mitumba ya sokoni. Mwalimu aanze na neno hilo. Zamani mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa ili kubebwa na mpagazi mmoja. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa za pwani zilifika Unyamwezini mabegani na vichwani mwa wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Uzito wa mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mwalimu asiisifu njia hiyo kupita kiasi, maana ndiyo iliyopitisha watumwa pia. Lakini ufungaji wa mzigo ni fundisho jema: nguo nzuri iliyofungwa vibaya huweza kulowa au kufumuka njiani, ikafika haina thamani.

Programu nayo huwa hivyo. Aliyeiandika huenda yuko Ulaya, na anayeitaka yuko Tabora. Hawatakutana wala kuulizana. Kwa hiyo haitoshi programu iwe nzuri. Lazima ifungwe kwa namna ambayo mgeni ataifungua na kuitumia bila msaada wa aliyeifunga. Furushi la namna hiyo huwa na mambo manne pamoja na programu yenyewe.

(a) Jina na toleo. Kila furushi hupewa namba, ili watu wawili wanaozungumzia kasoro wajue kama wanazungumzia kitu kimoja.

(b) Orodha ya mategemeo. Maktaba ya cantools, kwa mfano, huhitaji maktaba nyingine iitwayo bitstruct kwa kazi ya kutenganisha biti. Orodha isipoitaja, furushi litafika lakini halitafanya kazi.

(c) Leseni. Hii ndiyo ruhusa ya kutumia, kunakili, kurekebisha na kuwapa wengine. Kutolewa bure si sawa na kutolewa huria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini kwa lugha ya Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa leseni ya OpenOffice iliruhusu watu wengine kuifasiri na kuitoa upya.

(d) Jaribio. Furushi jema huja na mfano ambao jawabu lake linajulikana, ili mpokeaji ahakikishe kwamba alichopokea ni kizima.

4. Hatua za somo

Darasa: la Sita. Muda: vipindi viwili vya dakika 40. Zana: bahasha au karatasi za kukunja, kamba, ubao. Azma: kufikia mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kusoma ujumbe kwa kufuata maelezo, na kueleza mambo manne ya furushi.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aandike ubaoni 130, 112, 23, bila neno lolote. Awaulize watoto maana yake. Awaache wabahatishe kwa dakika chache, kwani kushindwa kwao ndiko kutakakowafanya watamani maelezo.

Hatua ya pili. Aonyeshe maelezo kwa Kiswahili cha kawaida: "Namba ya kwanza ni joto, punguza 40. Namba ya pili na ya tatu ni mwendo. Ya tatu zidisha kwa 256, ongeza ya pili, kisha gawanya kwa 100." Ahusishe jambo hili na thamani ya tarakimu: kama vile katika 32 tarakimu 3 ni makumi, vivyo hivyo hapa 23 ni "mafungu ya 256".

Hatua ya tatu. Agawe darasa makundi mawili yasiyoonana. Kila kundi litunge ujumbe wake na maelezo yake, kisha lifunge bahasha yenye jina na toleo, orodha ya vitu vinavyohitajika, ruhusa, na jaribio moja lenye jawabu.

Hatua ya nne. Makundi yabadilishane bahasha. Ni marufuku kuulizana. Kundi linalopokea lifanye jaribio kwanza. Likipata jawabu lililoandikwa, liendelee na ujumbe wenyewe. Lisipolipata, liandike kasoro na kurudisha bahasha. Waliofunga warekebishe na kuiandika toleo la 2.

Hatua ya tano. Mwalimu akusanye kasoro zote ubaoni na kuuliza kila moja iliangukia jambo lipi kati ya yale manne. Majumuisho yatoke kwa watoto.

5. Tahadhari

Kwanza, mwalimu asikimbilie kuandika jawabu. Bahasha iliyorudishwa hufundisha zaidi kuliko ile iliyofaulu mara ya kwanza. Pili, asiwaambie watoto kwamba programu huria imemaliza kila tatizo. Kichanganuzi chaweza kuwa huria huku faili la maelezo likiwa siri ya kiwanda. Na kichanganuzi bila faili hakisomi kitu. Ndiyo maana baadhi ya watu hukusanya na kutangaza mafaili hayo, kama ufanyavyo mradi wa opendbc. Tatu, asidai kwamba kila gari lipitalo Bukene lina mtandao huu, maana magari ya zamani hayana.

6. Hitimisho

Yawezekana mwalimu mwanafunzi akauliza: mtoto anayejifunza chini ya mwembe ana haja gani na jambo hili? Jibu letu ni kwamba magari hayo yanafika kijijini sasa, nayo yataharibika mikononi mwa mafundi ambao leo wako Darasa la Sita. Atakayejua kwamba namba za gari zina maelezo yake ataweza kuyatafuta. Asiyejua atabaki kungoja mtu wa mbali aje amwambie gari lake lina ugonjwa gani.

Zoezi kwa walimu wanafunzi: Chukua maandalio yako ya somo la juma lijalo na umpe mwenzako afundishe bila kukuuliza lolote. Kisha chunguza: Je, zana zote ziliorodheshwa? Je, palikuwa na swali la kupima lenye jawabu linalojulikana? Je, tarehe ya maandalio ilionyesha ni toleo lipi? Orodhesha yaliyopungua, uyaandike upya maandalio hayo, na umpe mwenzako mwingine.