SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: UWANJA ULIO MTEREMKONI

Utangulizi

Vyama vingi vya msingi katika Masasi na Newala vimejenga ofisi na ghala juu ya ardhi yenye mteremko. Katika nchi ya Masasi, ambamo Lisekese imo, maji ya mvua huteremka juu ya milima ya mawe na kuufikia mchanga yakiwa na nguvu nyingi. Mvua hizo huanza Novemba au Desemba, wakati ambapo korosho za wanachama bado zimo ghalani. Gunia likilowa, korosho hushuka daraja, na hasara yake humwangukia mkulima. Kwa hiyo kuutengeneza uwanja si pambo. Ni kulinda mali ya wanachama.

1. Dalili za uwanja unaoharibika

Katibu na auzunguke uwanja baada ya mvua kubwa. Mizizi ya miembe iliyo wazi, msingi wa nyumba ulioanza kuonekana, vijifereji ardhini na mchanga uliorundikana mlangoni mwa ghala ni dalili zisizodanganya. Tena, desturi ya kufagia uwanja wote kila asubuhi hadi udongo kubaki mtupu huongeza madhara. Pafagiliwe mahali pa kuanikia, pa kupimia na pa kupita watu. Kwingineko nyasi fupi ziachwe ziote.

2. Kupima usawa

Kipimo ni fremu ya A. Chukua fito mbili zilizonyoka zenye urefu wa mita 2, zifunge pamoja juu, uzipanue hadi nyayo ziachane mita 2, kisha ufunge ufito wa tatu katikati. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe. Tia alama pale kamba inapogusa ufito wa katikati, geuza miguu ya fremu ikae kila mmoja mahali pa mwenzake, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kwa kuisogeza fremu hatua kwa hatua na kupigilia vigingi, mstari wa usawa hupatikana bila gharama yoyote.

3. Mtaro wa kukinga

Kazi ya kwanza hufanywa juu ya jengo, wala si chini yake. Mtaro uyapokee maji kabla hayajafika ukutani na kuyapeleka pembeni polepole. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 2 unatosha. Ukizidi sana, mtaro wenyewe utageuka korongo. Ili kuupata, funga kibao chenye unene wa sentimita 1 chini ya mguu wa fremu ulio upande yaendako maji. Mwisho wa mtaro uwe penye nyasi nene au mawe, wala usielekezwe katika shamba la jirani.

4. Matuta na mimea

Chini ya mtaro, uwanja ugawanywe kwa mistari ya usawa. Udongo ukichimbwa na kutupwa upande wa juu, tuta huuzuia mchanga unaoteremka, na baada ya misimu kadhaa ngazi hujitengeneza. Njia hii huitwa fanya juu, nayo imeenea sana Machakos, Kenya. Penye mawe, kama Masasi, ukuta mfupi wa mawe hufaa vilevile. Juu ya tuta zipandwe nyasi za vetiva, mchaichai au mananasi, ili mizizi ilishike. Mikorosho isipandwe karibu na ukuta wa ghala.

5. Maji ya paa

Paa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 likinyeshewa milimita 50 hutoa lita 10,000, yaani mapipa 50 ya lita 200. Yakiachwa yaanguke, huchimba msingi. Yakikingwa kwa mifereji na tangi, hunywesha watu. Wakazi wa Newala, ambao kwa miaka mingi walishuka hadi chini ya uwanda kutafuta maji, hawahitaji kuelezwa thamani yake.

6. Kazi ya wote

Katika Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta, na mwaka 1955 wananchi wakayakataa kwa ghasia. Wamatengo wa Mbinga, kwa upande mwingine, wamehifadhi milima yao kwa ngoro, kilimo walichokibuni wenyewe. Funzo ni wazi: kazi iliyokubaliwa na wenyewe ndiyo idumuyo. Kwa hiyo mpango wa uwanja ufikishwe mbele ya mkutano mkuu, gharama za mifereji na tangi ziingizwe katika makisio, uchimbaji ufanywe kwa msaragambo kabla ya mvua, na mahudhurio yaandikwe. Halmashauri imteue mtu wa kuzibua mtaro, kwani mtaro uliojaa mchanga ni sawa na usiokuwapo.

Maswali ya kujadiliana

1. Maji yanayofika mlangoni mwa ghala letu yanatoka wapi, nasi tunaweza kuyageuza mahali gani?
2. Ni vifaa gani tunavyo, na vipi lazima vinunuliwe?
3. Baada ya msaragambo, nani atautunza mtaro, na atatoa taarifa kwa nani?